Kule Kuna Mbu

Wiki ya mwisho kabla sijakabidhi funguo za ofisi, Dk. Neema, daktari kijana wa wodi yetu ya watoto, aliniletea maombi yake niyapitie. Alikuwa amemaliza ubingwa na sasa alitaka nafasi ya mafunzo ya utafiti na uongozi kwa madaktari, nafasi ya aina ile ile niliyoiomba mimi enzi za Ujamaa, nikiwa na umri kama wake na ubishi kumzidi. Yalikuwa yameandikwa kwa usafi. Neno uongozi lilikuwemo karibu kila aya. Mgonjwa hakuwemo hata mmoja.

"Shida iko wapi, mzee? Lugha?"

"Lugha haina shida."

"Basi ni nini?"

Nilimwomba avute kiti. Nilichomweleza mchana ule ndicho ninachokiandika hapa, kwa ajili ya wenzake ambao hawakuwepo. Vyeo nilivyopanda nitaviacha. Viko kwenye faili, na sijawahi kumwona mtu akipona kwa kusomewa faili langu.

Nilizaliwa milimani, juu ya Lukozi, lakini niliporudi Lushoto nikiwa bingwa wa magonjwa ya ndani nilikuwa mgeni wa aina yake. Chuo Kikuu kilikuwa kimenifundisha kuuliza, nami nikadhani kuuliza maana yake ni kukataa. Sikuamini vitabu vilivyoachwa na wakoloni. Sikuamini hotuba za mikutano. Sikuamini mizizi ya bibi yangu, wala vidonge vilivyokuja kwenye makopo yenye maandishi mazuri. Siku ya kwanza kazini nilimuuliza muuguzi wa zamu kwa nini vitanda vimepangwa vile vilivyopangwa. Akanionyesha dari. "Kwa sababu paa linavuja pale ambapo havipo, Daktari."

Darubini yetu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini yake, ukikigeuzageuza mpaka kinase jua. Ukungu wa Lushoto ukishuka asubuhi, kama wanavyojua wanaoufahamu, hushuka kama mtu aliyekuja kukaa. Basi damu za wagonjwa zilisubiri kwenye vioo vyake, zimekwisha kupakwa rangi, na sisi tulisubiri dirishani. Nimewahi kumtibu mtu kwa kukisia kwa sababu wingu halikuondoka. Sindano zilikuwa za kioo, tukizichemsha kwenye jiko la mafuta ya taa, na aliyevunja moja alitembea kichwa chini mpaka jioni.

Mganga mkuu alikuwa Dk. Lukindo, Mbondei wa Muheza, mtu mwembamba wa maneno machache. Alikuwa na utaratibu mmoja ambao sijauona kwingine. Katika maelezo ya mgonjwa, mstari wa kwanza ulipaswa kuwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, kama alivyoyatamka, hata kama ni Kishambaa. Jina la ugonjwa kwa lugha yetu ya vitabu lilikaa chini yake. Ukianza na jina la ugonjwa, alikurudishia karatasi.

"Huyu alisema nini?" aliniuliza mara ya kwanza aliponirudishia.

"Alisema ana homa kali inayotetemesha, Daktari."

"Alisema hivyo?"

"Alisema ameshikwa na mbu."

"Basi andika ameshikwa na mbu. Unachofikiri wewe kitasubiri mstari wa pili. Hakiendi popote."

Hapo lazima nieleze neno lenyewe, maana hadithi yote imesimama juu yake. Kwa Kiswahili mbu ni mdudu. Kwa wazee wa milimani kwetu mbu ni mdudu, na mbu ni homa anayokutana nayo mtu akishuka nyika, kwenye tambarare za joto chini ya milima. Neno moja kwa vitu viwili, na hakuna aliyeona haja ya kuvitenganisha. Mtu akisema kijiji fulani kina mbu, hazungumzii usingizi kukatizwa na wadudu. Anakuambia huko watu wanakufa.

Mgonjwa yule aliyeshikwa na mbu alikuwa mkulima wa kabichi, mwanamume wa makamo mwenye mikono kama majembe. Alikuwa ameshuka nyika kumsaidia shemeji yake kuvuna, akakaa kule mavuno yote. Walimpandisha kwa machela. Alizungumza nami asubuhi. Kufika alasiri alikuwa hamjui mkewe. Ukungu uliondoka, nikaona vimelea kwenye damu yake, vingi, na dawa ya kwini tuliyompa haikuwahi. Mtu aliyekulia nyika huumwa homa hiyo tangu utotoni, na akivuka utoto mwili wake huwa umeizoea. Mtu wa huku juu hushuka akiwa mtu mzima na mwili wa mtoto mchanga. Kaka yangu mkubwa alikufa hivyo hivyo, kwenye mashamba ya mkonge. Nilikuwa darasa la nne.

Mwaka ule wa mkulima wa kabichi ndipo lilipokuja tangazo la mafunzo. Wizara na chuo kimoja cha ng'ambo walitaka madaktari waliomaliza ubingwa, wawafundishe kufanya utafiti na kuongoza huduma za afya. Maombi yalitaka mambo matatu: swali la utafiti, maelezo ya wakati ulipowaongoza watu, na barua mbili za kukuunga mkono, moja ya mkubwa wako wa kazi na moja ya chama, kuthibitisha kwamba unalitumikia taifa. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilikuwa nimechoka kusubiri ukungu. Nilitaka mahali penye maabara, vitabu vipya, na watu wa kubishana nao ambao hawangenikumbusha kwamba walinifahamu nikiwa na kaptula iliyotoboka.

Barua ya chama ilikuwa mikononi mwa Ndugu Mapunda, katibu wa eneo letu. Alitoka Songea. Alikuwa mtu mwema, na ninalisema hilo mapema kwa sababu baadaye atatusumbua. Alikuwa wa kwanza kushika jembe kwenye shamba la pamoja na wa mwisho kulitua. Siku nilipokwenda ofisini kwake, alikuwa na tatizo lake mwenyewe.

Kitongoji cha Kwekibago, mteremko mmoja juu ya kwetu, kilikuwa kimepangiwa, katika operesheni ya vijiji, kuhamia kijiji kipya nyika ya Umba. Familia za mwanzo zilikuwa zimekwishashuka. Kule kungekuwa na ardhi tambarare, shule, kisima na barabara ya gari. Waliobaki walikuwa wamekataa.

"Unajua sababu waliyonipa, Ndugu Daktari?" Mapunda alinisogezea kikombe cha chai. "Kule kuna mbu. Watu wazima. Wazee wenye wajukuu. Kule kuna mbu."

"Wana maana yao."

"Subiri. Nikamtuma bwana afya, kijana wa Tanga, akaulize nyumba kwa nyumba: hapa kwenu kuna mbu? Wote wakajibu hakuna. Kitongoji kizima, hakuna mbu. Na mimi nimelala Kwekibago nikang'atwa shingoni na hapa mkononi. Kwa hiyo ni waongo. Mkoani wananiuliza nimekwama wapi. Niwaambie nimekwama kwa mdudu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Wewe ni mtaalamu na ni mtoto wa hapa," alisema. "Niandikie kitaalamu kwamba mbu wapo huku juu na wapo kule chini, tofauti hakuna. Hilo ni kweli, si kweli?"

"Kuhusu mdudu, ni kweli."

"Basi. Ukileta yako, mimi nakuandikia barua ya kwako siku hiyo hiyo."

Sitaki mumwone kama mla rushwa. Hakuniomba niongope. Alichoniomba kilikuwa kweli kwa Kiswahili. Kilikuwa uongo kwa Kishambaa tu, na ripoti haziandikwi kwa Kishambaa.

Nilimpelekea Dk. Lukindo jambo hilo nikitarajia hasira. Alikuwa anafunga kiatu.

"Wewe unaamini nini?" aliuliza.

"Naamini wazee wanajua nyika inaua."

"Unaamini, au unajua?"

Swali hilo liliniudhi kwa sababu lilikuwa la kwangu. Nilikuwa nimezoea kuwauliza wengine. Ukweli ni kwamba sikuwa na hakika. Watu wa Kwekibago walikuwa na miti yao ya plamu, kahawa kidogo, mifereji waliyoichimba babu zao, na makaburi. Mtu akitaka kubaki hutafuta sababu, na mimi sikuwa tayari kuamini sababu kwa kuwa tu imesemwa na watu wanaoniita mwanetu. Marehemu kaka yangu naye hakuwa ushahidi. Alikuwa kaka yangu.

Kwa hiyo nilifanya kazi. Nilikwenda Kwekibago, kisha nikashuka kijiji kipya na gari la hospitali, na pote nilifanya jambo lile lile. Niliwalaza watoto kwenye mkeka, nikawapapasa upande wa kushoto chini ya mbavu, nikitafuta bandama. Mtoto anayeumwa homa ile mara kwa mara bandama yake huvimba; huhitaji jua wala darubini kuiona, unahitaji vidole tu na mtoto asiyecheka. Juu, vidole vyangu havikupata kitu. Chini, kwa watoto wa wenyeji wa nyika, nilizipata moja baada ya nyingine, ngumu kama viazi. Na watoto wa familia zilizohamishwa kutoka milimani hawakuwa na bandama zilizovimba, kwa sababu walikuwa bado wageni. Wao walikuwa wamelala ndani wakitetemeka. Niligawa kwini yote iliyokuwa kwenye gari. Mama mmoja alinionyesha kaburi dogo nyuma ya nyumba yake mpya, nikaona jingine jirani yake, na nikaacha kuangalia.

Niliandika ripoti. Sikuandika kwamba tofauti hakuna. Niliandika kwamba wadudu wapo kote, homa ipo chini, na kwamba wananchi walipojibu swali la bwana afya hawakudanganya. Walivyosikia wao, waliulizwa kuhusu ugonjwa, wakajibu kuhusu ugonjwa. Nikaeleza neno.

Mapunda aliisoma akiwa amesimama.

"Unataka niwaambie mkoa kwamba operesheni imeshindwa na neno?"

"Haikushindwa na neno, Ndugu Katibu. Imeshindwa kulisikia."

"Hiyo ni sentensi ya Chuo Kikuu," alisema, akaikunja ripoti na kuitia mfukoni. "Kuna mkutano Kwekibago. Njoo. Utasema hayo mbele yao na mbele yangu, tuone kama watakuelewa."

Mkutano ulifanyika mchana, kwenye uwanja wa shule. Balozi wa nyumba kumi alikuwa Mzee Singano, mwenye koti la sufu alilolivaa hata jua likiwaka. Karibu yake alikaa Mama Hadija, mjane, ambaye binti yake alikuwa miongoni mwa walioshuka. Niliwaamkia wazee shikamoo kwa mstari, kama inavyopasa, na nilipofika kwa Mama Hadija aliipokea akaniangalia.

"Wewe si yule aliyekuwa anamuuliza mwalimu kwa nini Mungu haonekani?"

"Ndiye, mama."

"Ulipata jibu?"

"Bado."

"Basi kaa."

Mapunda alifungua mkutano. Alizungumza kuhusu shule na kisima, na alizungumza vizuri, kwa sababu alikuwa anaamini. Kisha akageuka kwangu. Nilimwomba ruhusa nimuulize Mzee Singano swali lile lile mara mbili. Kwanza nilimuuliza kwa Kiswahili kama hapa kwao kuna mbu.

"Hakuna," alisema Mzee Singano.

Mapunda alinyoosha mkono kuuonyesha uwanja, kama anayewaalika mbu wenyewe watoe ushahidi. Watu wakacheka kidogo.

Nikamuuliza kwa Kishambaa: yule mdudu mdogo mwenye mbawa, anayelia sikioni, yupo?

"Yupo," alisema mzee, kwa Kiswahili, akimtazama Katibu. "Mdudu yupo. Nani kasema mdudu hayupo? Mtoto wako wa afya hakuuliza mdudu. Aliuliza mbu."

"Mbu ni mdudu, mzee wangu," Mapunda alisema.

"Kwenu."

"Na kwenu?"

"Kwetu mdudu anakuuma, unajikuna, yamekwisha. Mbu anakuchukua."

Mapunda aliwageukia watu wote. Kisha akauliza swali ambalo ningeliuliza mimi, na nilimheshimu kwa hilo. "Na mashamba je? Na kahawa? Msiniambie hamkatai kwa ajili ya mashamba pia."

"Mashamba pia," alisema Mzee Singano. "Ni nani anayependa kuacha shamba lake? Lakini ulituuliza sababu ya kwanza, Ndugu Katibu. Ungeuliza ya pili, tungekuambia ya pili."

"Ndugu Katibu," Mama Hadija alisema, "umelala kule nyika?"

"Nimefika mara nyingi, mama."

"Kufika unafika na gari. Nauliza kulala."

Watu walicheka tena, wakanyamaza pale walipoona yeye hacheki. "Binti yangu analala kule," alisema. "Wajukuu walikuwa watatu. Daktari amewaona, mwulizeni ni wangapi."

Mama Hadija alinigeukia. Nilikuwa nimewaona. Nilisema ni wawili. Yeye alikuwa anajua. Alitaka lisemwe na mtu wa serikali, kwa Kiswahili.

Mapunda alifunga mkutano bila azimio. Njiani alitembea mbele yangu mpaka kwenye gari, na aliposhika mlango alisema bila kugeuka, "Nitaandika kitongoji kiandikishwe kuwa kijiji pale pale kilipo. Sitaandika kwa sababu ya mbu. Nitaandika barabara ya kushusha mizigo yao ni mbovu. Ubovu wa barabara wanaujua."

"Na walioshuka?"

"Hao sina barabara ya kuwaandikia."

Walioshuka waliruhusiwa kurudi milimani baada ya masika, polepole, familia kwa familia, bila karatasi yoyote kusema kwamba wamerudi. Masika ndiyo yalikuwa mabaya. Sitaandika walirudi wangapi. Dk. Lukindo alikuwa akiagiza kwini na kuishusha mwenyewe mpaka matairi yalipokwisha.

Barua yangu ya chama haikuja. Nilipeleka maombi bila hiyo, na swali langu la utafiti lilikuwa ni kwa nini wakazi wa milimani hufa haraka wakishuka, na kama jinsi wanavyoitaja homa hiyo inaweza kutufundisha tuwaulize vipi. Waliniita Dar es Salaam kwa usaili. Mmoja wa wasaili alinisomea ile sehemu ya uongozi.

"Unasema wananchi walikuwa wamekwishakataa kabla yako. Sasa wewe uliwaongoza kwenda wapi?"

"Hakuna mahali. Nilisema maneno yao kwa lugha ambayo ofisi ingeyasikia."

"Huo ni ukalimani."

"Ndiyo."

Aliandika kitu. Nafasi ile sikuipata. Walisema maombi yangu yamepungukiwa barua. Nilirudi kwenye darubini na ukungu, na sikuwa mtu mzuri wa kukaa naye miezi ile.

Mwaka uliofuata Mapunda alihamishwa. Alipita hospitali kuaga, akanikabidhi bahasha iliyo wazi.

"Nimeandika kwamba wewe ni mbishi," alisema. "Nilijaribu kuandika vingine, nikashindwa."

"Ndivyo tu?"

"Na kwamba ulikuwa sahihi. Hilo nimeliweka mwishoni. Huenda wasifike huko."

Niliomba tena, na walifika mwishoni. Nilikwenda, nilijifunza hesabu za utafiti na jinsi ya kuendesha vikao, na nilirudi. Kipi kilinisaidia zaidi, hayo au ule mstari wa kwanza wa Dk. Lukindo, nimejiuliza mara nyingi, na jibu langu hubadilika.

Hapo simulizi langu lilimfikisha Neema kwenye wodi yake mwenyewe. Siku chache kabla, mama mmoja kutoka Kwekibago alikuwa amelazwa na mtoto wake. Neema alikuwa ameandika: mtoto ameumwa na mbu, mama ana wasiwasi. Mama alikuwa amesema mtoto ana mbu. Bahati nzuri kipimo cha damu kilikuwa kimechukuliwa, kikaonyesha vimelea, dawa ikaanzwa, na mtoto alikuwa ameanza kunyonya. Kwenye faili mtu mwingine alikuwa ameongeza kwamba bila shaka mtoto alisafiri nyika.

"Alisafiri?" nilimuuliza Neema.

"Lazima. Kwekibago ni juu sana, homa hiyo haipandi huko."

"Mama alisema nini?"

Alisimama. Alichukua maombi yake mezani, akaaga, nikamsikia akipanda ngazi za wodini.

Tangu niondoke kazini, watu huja kunitembelea nyumbani na plamu na maswali. Juzi alikuja Neema na maombi mapya. Nilivaa miwani nikaanza kusoma, na kwa mara ya kwanza sikushika kalamu. Neno uongozi sikuliona ukurasa wote wa mwanzo. Mstari wa kwanza ulisema: Mama anasema mtoto hajawahi kushuka nyika.